Gari Ikitetemeka Asubuhi, Usikimbilie Kuuza Mbuzi

Mwezi huu ukurasa wetu unaongea juu ya gari. Usiseme, "Mimi sina gari, hii hainihusu." Gari ya jirani ndiyo inabeba mahindi yako, na ndiyo inampeleka mgonjwa wako Mbarara usiku.

Katika zoni yetu kuna papa mmoja mwenye Hiace ya zamani ya mazutu, yaani dizeli. Kwa muda wa miezi miwili, kila asubuhi gari ilikuwa inamsumbua. Anazungusha ufunguo mara tatu, mara nne, inawaka, lakini moteri inatetemeka na kugonga, na moshi mweupe unajaa njia. Baada ya dakika chache inatulia, na mchana haina shida. Alituambia, "Mwalimu, inatetemeka kama mutu wa malaria."

Garaji moja ya mjini ilimwambia pampu ya mazutu imekufa. Pesa waliyotaja haikuwa nyumbani. Papa akaamua kuchukua pesa ya shule ya binti yake, na kuuza mbuzi wawili juu yake. Binti ni mwanafunzi wetu, ndiyo maana habari ilitufikia. Tulimwomba papa asubiri siku moja tu. Tukaenda, sisi na vijana wa darasa la jioni, kwa fundi mzee anayetengeneza magari chini ya mwembe.

Mzee hakushika spana. Aliuliza kwanza, "Inasumbua ikiwa baridi, ao hata ikiwa ya moto?"

"Baridi tu, mzee."

"Basi pampu tuiache. Pampu iliyochoka mara nyingi inasumbua zaidi moteri ikiwa ya moto. Mulete gari hapa jioni, ilale, kesho alfajiri tutaisikiliza."

Tuelewe kwanza jambo moja. Moteri ya petroli inawashwa na cheche za plagi. Moteri ya mazutu haina cheche. Inabana hewa mpaka hewa inakuwa ya moto sana, mazutu yakiingia yanawaka yenyewe. Asubuhi chuma ni baridi na joto halitoshi. Kwa hiyo katika moteri kama hii ya Hiace kila silinda ina hita plagi, kijiti kidogo kinachopata moto wa betri kabla ya kuwasha. Hita plagi ikikufa, silinda yake haiwaki vizuri mpaka ipate joto. Moteri inatetemeka, na mazutu ambayo hayakuungua yanatoka kama moshi mweupe.

Alfajiri mzee alitufundisha kwenda kwa utaratibu, kuanzia na kitu cha bei ndogo.

Kwanza, mazutu yenyewe. Alifungua skrubu ya chini ya filta, akakinga kidogo katika chupa inayoonyesha. Maji yakiwepo yanakaa chini, mazutu juu. Ukinunua mazutu ya vidumu kando ya njia, fanya hivi mara kwa mara. Ya papa yalikuwa safi.

Pili, hewa. Kabla ya kuwasha, alibonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Ililegea mara nyingi ndipo ikawa ngumu. Hiyo ni dalili kwamba usiku mazutu yanarudi kwenye tanki na hewa inaingia. Tulifuata mpira wa mazutu kwa mkono, tukakuta klipu moja imelegea na pale pana unyevu. Kukaza klipu hakulipiwi.

Tatu, hita plagi. Taa ya njano ya dashibodi ilikuwa inawaka na kuzima vizuri, papa akasema basi ziko sawa. Mzee akacheka. Ile taa inahesabu muda tu, haijui kama plagi ni nzima. Alitoa kile chuma kinachounganisha plagi zote 4, akafunga waya wa taa ya kupimia kwenye chanya ya betri, akagusa kichwa cha kila plagi. Mbili ziliwasha taa. Mbili zilinyamaza. Zilizonyamaza zimekufa.

Papa alinunua plagi mpya kwa kuonyesha dukani ile ya zamani. Namba lazima zifanane, kwa sababu nyingine ni za volti chini ya 12 na ukikosea zinaungua. Kesho yake alfajiri Hiace iliwaka mara moja, ikanguruma sawasawa. Mbuzi wako zizini, na binti yuko darasani.

Kama baada ya hayo yote gari bado inatetemeka, hata ikiwa ya moto, hapo ndipo nozeli, valvu na nguvu ya kubana hewa zipimwe. Pampu ifunguliwe mwisho, baada ya kupimwa.

Wazazi, tunaomba pia mambo haya. Usimwage petroli wala dawa ya kuwashia kwenye njia ya hewa ili gari iwake haraka. Ikikutana na hita plagi ya moto inaweza kulipuka. Usiwashe moteri ndani ya nyumba iliyofungwa, moshi unaua. Bomba la nozeli lisifunguliwe na mtoto, mazutu yenye nguvu yanaweza kupenya ngozi.

Fundi akikuambia kitu kimekufa, muulize kwa heshima, "Umepima namna gani?" Fundi wa kweli hakasiriki, atakuonyesha. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Sisi tunaongeza kwamba kutouliza kunaweza kula karo ya mtoto.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.