Bei ya Mnada Isitugombanishe

Tangu marehemu baba atutoke, gramafoni yake ilikaa juu ya kabati ikila vumbi, wala hakuna aliyeiulizia. Siku moja binamu yetu alituletea kipande cha gazeti la Uingereza kilichoeleza jinsi gramafoni moja ya kale ilivyouzwa mnadani kwa maelfu ya pauni. Tangu jioni hiyo amani ilituhama. Kaka alidai kuwa chombo ni chake kwa vile yeye ndiye kifungua mimba. Dada alishikilia kiuzwe, fedha zigawanywe sawa. Nami, mwalimu wa watu, nikajikuta nikizipigia hesabu ya karo fedha nisizokuwa nazo.

Ndugu msomaji, ugomvi huo ulinilazimu kujifunza jambo ambalo naona lastahili kusomeshwa darasani: bei ni nini, na thamani ni nini?

Kwanza, bei ya mnada si moja. Mwaka 1975 kampuni mbili kubwa za mnada za London, Christie's na Sotheby's, zilianza kumtoza mnunuzi ada ya asilimia 10 juu ya bei iliyogongewa nyundo. Desturi hiyo ilienea, na ada zikapanda. Tuseme nyundo imegonga kwenye shilingi 100,000. Mnunuzi akitozwa asilimia 20, atalipa 120,000. Muuzaji naye akikatwa asilimia 15, atapokea 85,000. Chombo ni kimoja, bei ni tatu! Aidha, tathmini ya bima huwa juu zaidi, maadamu hukadiria gharama ya kununua chombo kingine dukani, wala si fedha atakazopata mwenye kuuza.

Pili, ukongwe pekee hauleti utajiri. Emile Berliner alisajili uvumbuzi wa gramafoni mwaka 1887, na kufikia miaka ya 1920 viwanda vilikuwa vikizimwaga sokoni. Ile ya gazetini ilikuwa E.M.G., iliyoundwa kwa mikono mjini London, yenye pembe kubwa ya karatasi iliyogandamanishwa. Hizo zilikuwa chache, na wapenzi wa sauti bado huzigombania. Ya baba ni HMV 102, ya kubebwa mkononi kama sanduku la safari. Aina hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1931 na ikaendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka 20. Ile picha ya mbwa anayesikiliza sauti ya bwana wake haiongezi kitu. Imebandikwa kwenye mashine zisizohesabika.

Tatu, mthamini hutazama uasilia. Je, kamani na kichwa cha sindano ni vile vilivyotoka kiwandani? Rangi ni ya zamani au imepakwa juzi? Kwa bahati mbaya, dada alikuwa ameshakisugua chombo kwa msasa na kukipaka vanishi ili kipendeze. Kumbe kwa kufanya hivyo alikuwa akiipunguza thamani yake! Isitoshe, sokoni zimejaa gramafoni za kuigiza zilizoundwa India, zenye pembe za shaba zinazometameta na masanduku mapya, ilhali mitambo yake ni ya kuokotezaokoteza. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mthamini tuliyemwendea alitutajia kiasi ambacho, kikigawanywa kwa watu watatu, kisingemlipia mwanafunzi karo ya muhula mmoja. Kaka alicheka kwa haya. Kisha mzee yule akauliza, "Na sahani zake ziko wapi?"

Sote tuliinamisha vichwa. Utotoni tulikuwa tukizirusha uani tuone ya nani itafika mbali. Sahani hizo zilitengenezwa kwa aina ya lakiri, na zikianguka huvunjika kama vigae. Zilizosalia zilikuwa mbili tu, moja ikiwa ya Siti binti Saad, yule mwimbaji wa Unguja aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo kwa Kiswahili. Mashine yaweza kupatikana nyingine. Lakini sahani iliyobeba sauti ya Mswahili wa enzi hizo, ikivunjika, huenda isipatikane tena.

Gramafoni hatukuiuza. Nimeipeleka darasani pamoja na sahani zile mbili, na nimewaona vijana wakinyamaza kimya kusikiliza Kiswahili cha mababu zao.

Walimu na wanafunzi wenzangu, pekueni makabati ya wazee wenu kabla mfanyabiashara hajabisha hodi. Msisugue wala kupaka rangi. Andikeni jina la mwimbaji, la wimbo na la aliyeinunua sahani. Mkitaka kuuza, waulizeni wathamini wawili, na mdai kujua ada zote mapema. Lakini msiwakosee ndugu zenu kwa ajili ya bei mliyoisoma gazetini. Majuto ni mjukuu, huja kinyume.