Geti Likigoma, Tazama Chini

Kati ya vifaa vya fundi wa mageti ya umeme, kimoja humshangaza mteja: mizani ya kuning'iniza, ile ya wanunuzi wa vyuma chakavu. Mukuru kwa Njenga mizani hii haitafutwi mbali. Fundi huachilia mota kwa ufunguo wake ili geti liwe huru, hutia ndoana ya mizani kwenye chuma cha geti, kisha huvuta polepole huku jicho liko kwenye mshale. Geti la kuteleza la kilo 300, lenye magurudumu mazima na reli safi, huanza kusogea kwa mvuto wa kilo tano hadi nane hivi. Mshale ukipita 20 na geti bado limeganda, mfuniko wa mota haufunguliwi kwanza. Ugonjwa uko kwingine.

Mukuru iko kusini-mashariki mwa Nairobi, imebanwa kati ya Eneo la Viwanda, Imara Daima na Pipeline, na Mto Ngong unapita humo humo. Mageti yanayochomelewa kando ya barabara zake hayabaki hapa, kwani nyumba nyingi za mtaa huu ni za mabati na ulinzi wake ni kufuli. Yanapakiwa kwenye pikapu na kupelekwa Imara Daima na Syokimau, na zaidi ya hapo: Kitengela, Isinya, Kamulu, Joska, kule ambako Wanairobi wamenunua nusu eka au eka nzima, wakajenga nyumba katikati na kuweka geti mbali mwisho wa njia ya gari. Mota nazo zimetoka Afrika Kusini, Uchina, au Italia, nchi ambayo kampuni yake ya FAAC, iliyoanzishwa Bologna mwaka 1965, imejaza mageti ya dunia. Geti likigoma, hapigiwi simu mtu wa Bologna. Anapigiwa aliyelichomelea.

Simu zenyewe hufanana. "Fundi, hii mota yako imekufa tena," anasema mama mwenye shamba huko Kamulu. "Pole, mama. Hebu achilia mota, ulisukume kwa mkono. Linaenda?" Kimya kidogo. "Ufunguo sijui mzee aliuweka wapi." Nusu ya uchunguzi imekwama hapo, kwa kuwa geti la umeme ni geti kwanza na umeme baadaye, na lisiloweza kusukumwa na mtoto wa darasa la sita halina haki ya kufungwa mota.

Kwa nini geti lililokuwa likiteleza vizuri mwezi Februari ligome mwezi Mei? Jibu liko chini ya miguu. Sehemu kubwa ya Eastlands ya Nairobi, pamoja na nyanda za Athi hadi Kitengela, imekaa juu ya ule udongo mweusi ambao waashi huuita blakikotoni. Ndani yake mna madini ya jamii ya smektaiti, yaliyojipanga tabaka juu ya tabaka kama kurasa za daftari. Mvua ikinyesha, maji hupenya kati ya kurasa hizo na kuzitenganisha, na udongo wote huvimba. Kiangazi kikija maji hutoka, udongo hunywea na kupasuka nyufa ambazo mkono huingia. Nguvu ya kuvimba huko ina uwezo wa kuinua sakafu ya nyumba, sembuse nguzo ya geti.

Mjenzi anayeujua udongo huu huuchimba wote na kuuondoa hadi afike kwenye murram au mwamba, kisha hujaza mawe. Nyumba hufanyiwa hivyo bila ubishi. Geti, kwa kuwa pesa zimekwisha na watu wanataka kuhamia, huchimbiwa shimo la futi mbili na kumwagiwa ndoo chache za zege. Reli hulazwa juu ya ukanda mwembamba wa saruji ulioelea kwenye udongo uleule. Msimu wa mvua upande wenye mtaro hulowa kuliko upande wa pili, na reli huinuka upande mmoja.

Hesabu yake ni ya shule ya upili. Reli ya mita nne ikiinuka sentimita saba upande mmoja, mteremko wake ni digrii moja. Jicho halitauona. Lakini geti la kilo 300 kwenye mteremko huo hujivuta kuelekea chini kwa nguvu ya nyutoni 50 hivi, sawa na uzito wa kilo tano. Yaani kazi ya mota wakati wa kupanda imekuwa karibu maradufu, na wakati wa kushuka mota karibu haisukumi tena, na pengine inazuia. Ongeza mchanga kwenye reli na beringi ya gurudumu iliyokauka grisi, na mshale wa mizani unafika pale tulipoanzia.

Kuna jambo baya zaidi, na hili wateja wengi hawalijui. Ubavuni mwa geti kuna reki, ule upau wenye meno, unaosukumwa na gia ndogo ya mota. Kati ya meno ya reki na meno ya gia panapaswa kubaki nafasi ya kama milimita mbili. Nafasi hiyo ndiyo inayohakikisha kwamba uzito wa geti unabebwa na magurudumu peke yake. Reli ikididimia au gurudumu likilika, geti hushuka, nafasi huisha, na zile kilo zinaanza kukalia gia. Ekseli ya mota haikuundwa kubeba geti. Beringi zake huanza kulia, mafuta huvuja, na gia ya ndani ya shaba nyeupe au plastiki husagika na kuwa unga. Ukiifungua mota kama hiyo utaukuta unga huo umejaa kwenye grisi, unameta. Mwenye nyumba atakwambia mota ilikuwa feki. Pengine ilikuwa. Lakini ukifunga mpya juu ya reli ileile, utarudi.

Hapa ndipo elektroniki inapoingia, na inaingia kama shahidi. Katika mota ya mkondo mnyoofu ya volti 24, nguvu ya kuzungusha huenda sambamba na mkondo wa umeme unaotumika: mzigo ukizidi, ampea zinapanda. Bodi hupima ampea hizo muda wote. Zikipita kiwango kilichowekwa, bodi huamua kwamba geti limegonga kitu, labda gari, labda mtoto, na hulirudisha nyuma. Huu ni ulinzi muhimu sana. Kiwango cha Ulaya kinachoitwa EN 12453 hakiruhusu geti kumbana mtu kwa zaidi ya nyutoni 400 kwenye nafasi finyu ya mwisho wa safari, yaani uzito wa kilo 40 hivi, na nguvu hiyo lazima ishuke chini ya nyutoni 150 ndani ya robo tatu ya sekunde.

Sasa fikiria geti kwenye reli iliyoinuka. Linafika pale penye mwinuko, ampea zinapanda, bodi inadhani limegonga mtu, linarudi. Majirani wanasema lina majini. Fundi mwenye haraka hufungua bodi, anatafuta kidhibiti cha nguvu na kukipandisha hadi mwisho. Geti linafunga, analipwa, anaondoka. Alichofanya ni kuliambia geti lipuuze watu. Sitamlaumu mteja kwa hili, yeye aliona tu kwamba kazi imeisha; fundi namlaumu.

Mageti ya kubembea yana adui wake, upepo. Kaunti ya Kajiado haikuwekewa mitambo ya upepo ya Kipeto, ya megawati 100, kwa bahati tu. Bawa la geti la mita mbili kwa mbili lililofunikwa bati zima, likipigwa na upepo wa kilomita 36 kwa saa, hupokea msukumo wa nyutoni 240 au zaidi. Mkono wa mota umefungwa karibu na bawaba, mahali ambapo nguvu ya kuzuia msukumo huo inabidi iwe kubwa mara kadhaa. Dawa ni rahisi na haipendwi: toa bati, weka nondo zenye nafasi, upepo upite. Watu wa shamba hawataki kuonekana ndani, kwa hiyo bati linabaki na mota zinaendelea kuuzwa.

Tatizo jingine la shamba ni umbali. Wa Mukuru anaijua fizikia hii bila kuisomea: jioni, kila mtu akiwasha, balbu ya nyumba iliyo mwisho wa waya huwa nyekundu kama mkaa unaozimika, kwa sababu waya mwembamba na mrefu unakula volti njiani. Geti la shambani liko mita 60 kutoka nyumbani. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, kwenda na kurudi mita 120, una ukinzani wa karibu omu 0.9. Ukiacha transfoma ndani ya nyumba na kupeleka volti 24 getini, mota ikivuta ampea 10 wakati wa kuanza, karibu volti tisa zinapotelea njiani. Inabaki 15. Bodi inazimika, inajiwasha, inazimika. Geti linasogea kwa kushtukashtuka. Ukipeleka volti 240 kwa waya uleule na kuiweka transfoma pamoja na betri getini kwenyewe, mkondo unaohitajika ni mdogo mara kumi na upotevu hausikiki. Kabla ya hapo, kwangua ncha ya waya. Siku hizi kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu, na ndani yake huwa mweupe. Ukinzani wake unazidi wa shaba kwa zaidi ya nusu.

Betri ni habari fupi. Ile ya volti 12, saa-ampea 7, inayokaa ndani ya kisanduku cha chuma juani, haidumu. Ikikaa nusu tupu wakati stima imepotea siku mbili tatu, fuwele za salfeti huota kwenye sahani zake na hazitoki tena. Usiipime ikiwa imepumzika: multimita itakuonyesha 12.6 na utaridhika. Ipime geti likianza kusogea. Ikianguka hadi tisa, itupe, lakini kwa mnunuzi wa risasi, si mtoni.

Viumbe wadogo ndio wanaonifurahisha. Mjusi huingia kwenye kisanduku akifuata joto la transfoma, anakanyaga nyaya mbili, na mambo yanaishia hapo, kwake na kwa bodi. Sisimizi ni hatari zaidi. Watafiti wa Texas waliochunguza sisimizi wa moto kwenye vifaa vya umeme waligundua kwamba anayepigwa na shoti hutoa harufu za kuita wenzake. Wanaokuja nao hupigwa, nao huita. Mizoga hujazana kati ya midomo ya relei mpaka isiweze kugusana. Mafundi huziba kila tundu la waya kwa silikoni, na wenye bidii hupaka bodi vanishi. Radi haizibiki hivyo. Mashariki mwa Kongo, eneo la Kabare linahesabiwa la pili duniani kwa wingi wa radi, likitanguliwa na Ziwa Maracaibo la Venezuela tu, na Ziwa Viktoria nalo lina radi nyingi. Anayefunga geti Kisii au Kakamega bila kizuia-mawimbi na waya wa ardhi uliosimikwa hapohapo getini ajiandae kununua bodi.

Rimoti nayo hushtakiwa bure. Nyingi hutumia msimbo unaobadilika kila unapobonyeza, ili mwizi anayenasa mawimbi asiweze kuyarudia. Mmoja wa mifumo mashuhuri, KeeLoq, ulizaliwa Afrika Kusini katikati ya miaka ya 1980 katika kampuni ya Nanoteq, hesabu zake zikitungwa na Gideon Kuhn wa Chuo Kikuu cha Pretoria, ukauzwa kwa kampuni ya Marekani ya Microchip mwaka 1995. Mwaka 2008 watafiti wa Bochum, Ujerumani, walionyesha kwamba ufunguo wake unaweza kuchotwa kwa kupima tu umeme ambao chipu inatumia ikifanya kazi. Kwa mwenye shamba, shida ya kawaida ni ndogo zaidi. Rimoti na bodi huhesabu pamoja. Mtoto akichezea rimoti ndani ya matatu kutoka Donholm hadi Joska, hesabu ya rimoti inakimbia mbele. Ikizidi hatua 16, bodi ya kawaida ya mfumo huo hukataa mbonyezo wa kwanza. Ukibonyeza mara mbili mfululizo, husawazisha hesabu na kufungua. Kuna waliouziwa rimoti mpya kwa kutojua hilo.

Kabla ya kufunga mota tena, kuna kazi ambayo haina umeme wowote: kuchomelea kizuizi cha mwisho pande zote mbili za reli, na kukagua rola za juu zinazolishika geti lisianguke. Mota ikiwa imefungwa, swichi za kikomo hulisimamisha geti mahali pake, na watu husahau kwamba hapana kingine kinacholizuia. Stima ikipotea mlinzi huachilia mota, husukuma kwa nguvu zake zote kwa sababu reli imepinda, na geti hupitiliza rola. Kilo 300 huanguka upande aliosimama. Vipande viwili vya chuma cha pembe na dakika chache za kuchomelea vinatosha kuzuia jambo hilo, na kwenye bili ndio mstari wenye bei ndogo kuliko yote. Mafundi waangalifu wa Mukuru huvibeba vikiwa vimekatwa tayari, kwa kuwa shambani mara nyingi hakuna stima ya kuendesha mashine ya kuchomelea, na huvifunga kwa bolti nne kwenye zege kabla hata ya kumwonyesha mteja mshale wa mizani unasema nini.