Mawimbi ya Watu: Funzo la Daraja la Jamarat

Kila msimu wa Hija, sisi watu wa Pwani huwasindikiza wazee wetu kwa dua, kisha hubaki majumbani tukingoja simu kutoka Mina. Wasiwasi wetu una sababu. Tarehe 12 Januari 2006, mahujaji zaidi ya 340 walifariki penye maingilio ya Daraja la Jamarat, walipokuwa wakienda kurusha vijiwe. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Wakati ule wengi wetu tulisema kwamba watu walitaharuki, wakakimbia, wakakanyagana. Uchunguzi ulionyesha mengine. Wataalamu Dirk Helbing na Anders Johansson, pamoja na Habib Al-Abideen wa Saudia, walizichambua picha za kamera zilizolielekea eneo lile, na mwaka 2007 wakachapisha waliyoyaona.

Mwanzo umati ulitiririka taratibu, kama maji mferejini. Msongamano ulipozidi, mwendo ukaanza kukatika: watu husimama, husogea, husimama tena, na kusimama huko hurudi nyuma kama wimbi. Mwisho miili ilibanana, msukumo ukapita kutoka mwili hadi mwili, ukiwatupa watu huku na huku kama chombo kilichopatwa na dhoruba. Aliyeanguka hakuweza kuinuka, na wa nyuma yake hakuweza kujizuia. Katika zahama kama hiyo wengi hufa kwa kubanwa kifua na kukosa pumzi, wengine wakiwa bado wamesimama. Basi tusiwalaumu marehemu.

Faida ya elimu hii ni kwamba hatari huonekana kabla ya kufika. Baada ya Hija ile daraja la zamani lilivunjwa, likajengwa jipya lenye ghorofa kadhaa. Njia ya kwenda ikatengwa na ya kurudi, na makundi yakapangiwa saa zake. Hija iliyofuata ilipita kwa salama. Hata hivyo, Septemba 2015 zahama kubwa zaidi ilitokea Mina, safari hii barabarani, nje ya daraja. Ulinzi wa mahali pamoja hautoshi. Njia zote zinazopaelekea zahitaji kuangaliwa.

Kwa anayejiandaa kwa Hija, na kwa mzazi anayempeleka mwanawe kwenye Maulidi au uwanja wa Idi, tunausia haya. Shikeni saa ya kundi lenu. Msirudi kinyume cha mkondo. Kiatu au mkoba ukianguka, uacheni. Umati ukianza kusimama na kusogea, hilo ndilo onyo: tokeni pembeni mapema. Mkibanwa, kunjeni mikono mbele ya kifua ili mpate kupumua.

Mtume wetu (S.A.W.), alipoondoka Arafa, aliwahimiza watu waende kwa utulivu. Wataalamu wa leo, kwa kamera na hesabu zao, wametuonyesha thamani ya wasia huo. Mola awarejeshe mahujaji wetu salama. Amin.