Chumvi, Viazi na Mlango wa Figo
Kiharusi na Asili Yake: Sehemu ya Pili

Juma lililopita tulieleza jinsi kiharusi kinavyotokea: mshipa wa damu ubongoni huziba au hupasuka, na sehemu iliyoutegemea huanza kufa. Leo tuangalie kinachotangulia. Utafiti wa INTERSTROKE, uliofanywa katika nchi 32, Uganda ikiwemo, ulitangaza mwaka 2016 kwamba mambo kumi yanayoweza kurekebishwa yanahusika na takriban asilimia 90 ya viharusi duniani. Presha pekee ilihusika na karibu nusu. Anayesema jirani yake kapooza kwa kurogwa ana haki ya kusema atakalo, ila kwanza aulize kama jirani huyo aliwahi kupimwa presha.

Nakuru tuna hesabu zetu wenyewe. Mwaka 2007 na 2008, watafiti waliokuja kuchunguza magonjwa ya macho walipima pia presha, sukari na uzani wa watu zaidi ya 4,000 waliotimu miaka 50. Asilimia 50.1 walikuwa na presha, na asilimia 6.6 walikuwa na kisukari. Wakazi wa mjini walikuwa na hali mbaya kuliko wa mashambani.

Sasa turudi nyuma hadi 1929. Mwaka huo daktari wa serikali ya kikoloni, C.P. Donnison, aliyehudumu South Kavirondo, upande wa Kisii, alichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya watu wapatao 1,000. Presha haikupanda na umri. Baada ya miaka 40 ilielekea kushuka. Msomaji makini atalalamika kwamba Kisii si Nakuru, na kwamba umri wenyewe ulikuwa wa kukisiwa. Ni kweli. Ndiyo maana napendelea ushahidi uliochapishwa 1990, ambapo Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia Waluo waliohama vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kutafuta kazi Nairobi. Presha ya wahamiaji ilizidi ya wenzao waliobaki nyumbani mapema tu baada ya kufika mjini. Mkojo wao ulionyesha sababu mojawapo: sodiamu, ambayo huingia mwilini hasa kupitia chumvi, ilikuwa imeongezeka, na potasiamu ilikuwa imepungua. Jeni za mtu hazibadiliki kwa kupanda basi la Nairobi. Kilichobadilika ni sahani.

Lakini sahani inaujuaje mshipa wa damu? Hapa ndipo protini za juu ya seli zinapoingia. Kila seli imezungushiwa utando wa mafuta, na chumvi haiwezi kuupenya huo utando yenyewe. Hupitia protini zilizopachikwa humo, ambazo tunaweza kuziita milango. Figo zako huchuja takriban lita 180 za maji ya damu kila siku, yenye chumvi karibu kilo moja na nusu. Kama yote ingetoka kwa mkojo ungekufa kabla ya jua kutua, kwa hiyo milango ya seli za figo huirudisha karibu yote. Mchezo wote wa presha unachezwa kwenye kiasi kidogo sana kinachobaki: ukirudisha zaidi kidogo, maji huifuata chumvi, damu huongezeka, na mishipa husukumwa.

Mmoja wa milango hiyo wataalamu huuita NCC. Huirudisha sehemu ndogo tu, lakini ndio unaofunguliwa na kufungwa kulingana na chakula. Na kinachouamuru si chumvi peke yake. Seli hizo zina protini nyingine, upande unaoelekea damu, inayohisi kiwango cha potasiamu. Potasiamu ikiwa chache, NCC hufunguka na chumvi hurudi mwilini hata kama tayari imezidi. Potasiamu ikitosha, NCC hujifunga na chumvi huenda na mkojo.

Ukilifahamu hilo, utaliona soko letu kwa jicho jingine. Molo, Kuresoi na Mau Narok hulima viazi kwa wingi, na kiazi kina potasiamu nyingi. Vivyo hivyo maharagwe, ndizi na mboga za majani. Kiazi kikikaangwa hakipotezi potasiamu yake. Tatizo ni chumvi inayomwagwa juu ya chipsi, ikifuatwa na soseji na unga wa mchuzi wa paketi wenye chumvi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyofichwa ndani ya mkate. Nyama choma haijakatazwa. Ule mlima wa chumvi pembeni ya ubao ndio sijawahi kupata mtu wa kunieleza unafanya nini pale.

Kwamba potasiamu huokoa watu si nadharia. Mashambani China, katika vijiji 600, karibu watu 21,000 waliowahi kupata kiharusi, au wazee wenye presha, walifuatiliwa kwa takriban miaka mitano. Waliopewa chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu walipata viharusi pungufu kwa asilimia 14. Matokeo yalitangazwa 2021. Tahadhari moja: mwenye ugonjwa wa figo asiguse chumvi ya namna hiyo bila daktari, kwa sababu potasiamu ikizidi huweza kusimamisha moyo.

Dawa zinazotolewa zahanatini hufanya kazi kwenye milango hiyo hiyo. Haidroklorothiazaidi huuziba NCC, ndiyo sababu humpeleka mgonjwa msalani kila mara. Amlodipini huziba mlango wa kalisiamu katika misuli ya mishipa, nayo ikalegea. Losatani hukalia kipokezi cha homoni inayobana mishipa. Utafiti wa CREOLE, uliochapishwa 2019 na kuwashirikisha wagonjwa 728 wa nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, ulionyesha kwamba kwa watu weusi michanganyiko yenye amlodipini hushusha presha vizuri kuliko ule usio nayo. Lakini dawa huziba mlango kwa muda tu. Anayeacha tembe kwa kuwa anajihisi mzima, milango yake hufunguka tena, na presha hupanda bila kumpa taarifa.

Kolesteroli nayo ina kipokezi chake juu ya seli za ini, kile kilichowapa Michael Brown na Joseph Goldstein Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Hicho tutakishughulikia juma lijalo, pamoja na sukari.

Kwa sasa nina ombi moja. Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamegawiwa mikoba yenye mashine za presha. Kama umetimu miaka 40 na hujapimwa mwaka huu, mwite wa mtaa wako, au pitia zahanati iliyo karibu, ujue namba zako kabla ya makala ijayo.