Kompyuta Kuukuu na Mlango wa Barua-pepe

Mjini Sumbawanga, kama katika miji mingi iliyo mbali na pwani, kompyuta haitupwi kwa sababu ya umri tu. Iliyochoka ofisini huweza kuhamia shuleni, na ikitoka huko ikaishia katika duka la kutoa nakala. Basi mwanafunzi aliyemaliza kidato cha sita hufika dukani kusoma barua ya chuo, mashine ikamkatalia. Jina la mji huu husemwa kuwa na maana ya kutupa uchawi. Nao uchawi hauhusiki hapa hata kidogo.

Yafaa kwanza kutazama kukataliwa kwenyewe kulivyo. Iwapo ukurasa haufunguki kabisa, kosa si la neno la siri, kwani halijafika popote. Kabla ya kulipokea, seva, yaani mtambo mkubwa unaohifadhi barua, husalimiana na kompyuta ya msomaji, nazo zikapatana jinsi ya kuyageuza maneno kuwa mafumbo ili aliye njiani asiyasome. Kanuni za mapatano hayo huitwa TLS. Toleo la kwanza lilitolewa mwaka 1999, la 1.1 mwaka 2006, la 1.2 mwaka 2008 na la 1.3 mwaka 2018. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba mafumbo ya toleo la kwanza yaweza kufumbuliwa katika hali fulani, na Machi 2021 wasimamizi wa kanuni za intaneti wakatangaza rasmi kwamba matoleo mawili ya mwanzo yasitumike tena. Windows XP ilitoka mwaka 2001, na matengenezo yake ya usalama yalikoma Aprili 2014. Kivinjari kilichokuja nayo hakizijui kanuni mpya. Salamu hukatika papo hapo.

Sababu ya pili ni ndogo mno, na aghalabu husahauliwa: saa. Kila seva hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, nayo kompyuta huzilinganisha na saa yake yenyewe. Umeme unapokosekana, saa hiyo huendeshwa na betri ya duara, mfano wa sarafu, yenye volti 3, iliyopachikwa katika bodi kuu. Betri ikifa, kila umeme ukikatika saa hurudi kwenye tarehe ya kiwandani, miaka mingi nyuma. Cheti cha mwaka huu huonekana basi kuwa hakijaanza kutumika, na kompyuta, kwa uaminifu wake wote, humkataa mgeni wa kweli. Mwalimu wa fizikia aweza kulifanya jambo hili kuwa somo zima: mashine ichomolewe kwenye umeme, betri itolewe, ipimwe kwa voltimita, kisha ilinganishwe na mpya.

Iwapo ukurasa unafunguka, au programu ya barua inaunganika, lakini neno la siri lililo sahihi linakataliwa, chanzo ni kingine. Programu za zamani zilipeleka jina na neno la siri tu. Tarehe 30 Mei 2022 Google ilianza kuufunga mlango huo. Microsoft ikaanza kufanya hivyo kwa barua za ofisi Oktoba mwaka huohuo. Siku hizi programu hupewa kibali cha muda baada ya mwenye akaunti kuthibitishwa, mara nyingi kwa tarakimu zinazotumwa kwenye simu. Wizi wa neno la siri peke yake hautoshi tena, na hiyo ni faida kubwa. Lakini aliyepoteza laini ya simu bila kusajili namba mpya katika akaunti hujikuta amefungiwa nje pamoja na mwizi.

Hapana budi kuanza na lililo rahisi: kusahihisha tarehe, kisha kubadili betri. Likishindikana hilo, mfumo mpya wa Linux ulio mwepesi hupatikana bila malipo, na mashine nyingi zilizotengenezwa baada ya 2008 huweza kuubeba, hata zile za Windows 7 ambazo matengenezo yake yalikoma Januari 2020. Kubofya "endelea" mbele ya onyo la cheti ili kuharakisha kazi ni hatari, hasa katika kompyuta ya duka. Ikiwa barua ya chuo ina siku ya mwisho ya kujibiwa, ni afadhali mwanafunzi aazime simu ya mzazi, aisome humo, kisha atoke katika akaunti yake kabla ya kuirudisha.