Je, Wajua? Wiki Nane, Kisa Kilekile
Mwaka 2009, Wajapani waliosubiri kwa hamu msimu wa pili wa katuni ya Haruhi Suzumiya walipewa sehemu nane mfululizo zenye kisa kimoja: likizo ya Agosti isiyokwisha.

Wala hayakuwa marudio. Studio ya Kyoto Animation ilichora kila sehemu upya, na waigizaji wakarekodi sauti upya. Mwenye jicho kali aliona nguo zikibadilika.

Ndani ya hadithi, likizo ilijirudia mara 15,532. Mhusika Yuki Nagato peke yake ndiye aliyezikumbuka zote. Zaidi ya miaka 590 ya kuogelea, fataki na kukamata nyenje! Maskini.

Kilichomaliza balaa hilo? Kufanya kazi za likizo za mhusika mwenzake Kyon, ambazo hakuwa amezimaliza.