WILAYA ILIYOISHTAKI SERIKALI KUU

Muhula huu, katika somo la Uraia, mwenzetu mmoja aliuliza swali lililotuchekesha sote: "Je, Halmashauri ya Wilaya yaweza kuishtaki Serikali Kuu kwa sababu mafuriko yameharibu nyumba za watu?" Tulicheka kwa kuwa twaijua methali isemayo, "Mwenye nguvu mpishe," na tena tulidhani mafuriko ni kazi ya Mungu, si ya Serikali. Walakini mwalimu hakucheka. Alituambia kwamba jambo hilo lilitokea kweli nchini Marekani, na kesi yake ilidumu zaidi ya miaka 13. Basi nimeona yafaa niwaeleze wasomaji wa gazeti letu kisa hicho, kwani ndani yake mna fundisho kubwa juu ya sheria na haki.

Kwanza yatupasa kufahamu jinsi nchi ile inavyotawaliwa. Marekani ni shirikisho la majimbo 50. Kila jimbo lina serikali yake, na juu ya yote iko Serikali Kuu, ambayo makao yake ni Washington. Chini ya majimbo ziko wilaya, zenye mabaraza yanayochaguliwa na wenyeji. Katika jimbo la Louisiana wilaya huitwa parokia, jina lililobaki tangu enzi za Wafaransa na Wahispania, ambapo mipaka ilifuata ile ya Kanisa. Wilaya ya kisa chetu yaitwa St. Bernard. Iko upande wa kusini-mashariki wa mji wa New Orleans, na ni nchi ya chini yenye vinamasi vingi, karibu na Ghuba ya Meksiko.

Mwaka 1956 Bunge la Marekani liliidhinisha kuchimbwa mfereji wa meli kutoka Ghuba mpaka bandari ya New Orleans, ili meli zipate njia fupi kuliko ile ya mto Mississippi wenye kona nyingi. Kazi hiyo ilifanywa na Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi tangu 1958 hata 1968. Mfereji ulikuwa na urefu wa kilomita 122 hivi, nao ulipita katikati ya vinamasi vya St. Bernard.

Meli zilizoutumia zilikuwa chache kuliko ilivyotazamiwa, lakini maji ya chumvi hayakusubiri meli. Yaliingia kwa njia ile ile, yakaua miti na majani ya vinamasi yaliyozoea maji baridi. Tena mawimbi ya meli yalikula kingo za mfereji mwaka baada ya mwaka, hata upana wake ukawa zaidi ya mara mbili ya ule wa kwanza. Sasa, msomaji, kumbuka kwamba kinamasi chenye miti na majani ni kama ukuta: hupunguza nguvu za mawimbi yatokayo baharini. Kinamasi kikifa, ukuta umeondoka.

Tarehe 29 Agosti, 2005, tufani iliyopewa jina la Katrina ilipiga pwani ile. Bahari ilijaa, matuta ya kuzuia maji yakabomoka, na katika St. Bernard karibu kila nyumba iliingiwa na maji. Katika pwani yote iliyopigwa, watu zaidi ya 1,300 walikufa. Mwaka 2000 wilaya hiyo ilihesabiwa kuwa na watu 67,229. Mwaka 2010 walihesabiwa 35,897 tu. Wengine walikuwa wamehama, wasirudi tena.

Wenyeji waliobaki walisema hivi: "Tufani imetoka kwa Mungu, lakini njia iliyoleta maji mpaka mlangoni petu ilichimbwa na Serikali." Oktoba 2005, kabla matope hayajaisha kuondolewa, Halmashauri ya St. Bernard pamoja na wenye nyumba wengine walifungua kesi dhidi ya Serikali Kuu.

Hapa ndipo msomaji atakapoona jinsi sheria ilivyo na milango mingi, na kila mlango una bawabu wake. Kwa desturi ya kale iliyotoka Uingereza, mfalme hashtakiwi katika mahakama zake mwenyewe. Wamarekani walimkataa mfalme, walakini desturi ile waliirithi: Serikali haishtakiwi ila kwa idhini yake yenyewe, itolewayo kwa sheria.

Mlango wa kwanza ni wa uzembe. Sheria ya mwaka 1946 yaruhusu mtu kuidai Serikali ikiwa watumishi wake wamemdhuru kwa uzembe. Mlango huu una mabawabu wawili. Wa kwanza ni sheria ya mwaka 1928, iliyotungwa baada ya gharika kubwa ya mto Mississippi ya 1927. Bunge lilikuwa likianza kazi kubwa ya matuta, nalo liliogopa kwamba kila tuta likivunjika Serikali itadaiwa. Kwa hiyo likaandika kwamba Serikali haitawajibika kwa hasara yoyote itokanayo na maji ya mafuriko. Bawabu wa pili yumo ndani ya sheria ile ile ya 1946: Serikali haidaiwi kwa jambo ambalo watumishi wake wameachiwa waliamue kwa busara yao.

Wakazi kadhaa walijaribu mlango huo katika mahakama ya New Orleans. Wale waliodai kwa ajili ya kuta za mifereji ya kutoa maji mjini walizuiwa Januari 2008 na bawabu wa kwanza, kwa kuwa kazi ile ilikuwa ya kuzuia mafuriko. Wale waliodai kwa ajili ya mfereji wa meli walipita, kwa sababu mfereji ule ulichimbwa kwa safari za meli, si kwa kuzuia mafuriko. Novemba 2009 Jaji alisema wazi kwamba Wahandisi walifanya uzembe kwa kutolinda kingo zake, akaamuru wadai wachache walipwe karibu dola 720,000. Machi 2012 mahakama ya rufani ilikubali. Lakini Septemba mwaka ule ule majaji wale wale walibadili hukumu yao: namna ya kulinda kingo, walisema, ilikuwa jambo la busara ya Wahandisi. Bawabu wa pili akaufunga mlango.

Halmashauri ya St. Bernard ilikwenda mlango mwingine, nao ni wa Katiba. Katiba ya Marekani, katika nyongeza ya mwaka 1791, yakataza Serikali kutwaa mali ya mtu kwa manufaa ya umma bila kumlipa fidia ya haki. Hapa mdai hasemi, "Umefanya uzembe." Husema, "Umechukua mali yangu, basi nilipe." Na tangu karne ya 19 mahakama zilikubali kwamba mtu akijengewa bwawa, shamba lake likazama kwa maji ya bwawa hilo, ni sawa na kunyang'anywa.

Je, maji yanayokuja na kuondoka yahesabiwa pia? Swali hilo lilijibiwa Desemba 2012 katika kesi nyingine, ambayo idara ya wanyama na samaki ya jimbo la Arkansas iliishtaki Serikali Kuu. Tangu 1993 hata 2000 Kikosi cha Wahandisi kilibadili namna ya kufungulia maji ya bwawa la Clearwater, ili kuwasaidia wakulima. Maji yakakaa msituni wakati wa kiangazi, miti mingi ikafa. Mahakama ya Juu kabisa ilisema kwamba hata mafuriko ya muda yaweza kuwa kutwaa mali. Mwishowe Arkansas ilipata zaidi ya dola milioni 5.5.

Watu wa St. Bernard walitiwa moyo. Tarehe 1 Mei, 2015, Jaji wa mahakama ya madai dhidi ya Serikali aliamua kwamba Serikali ilikuwa imetwaa mali yao kwa muda, na mwaka 2016 aliamuru walipwe dola milioni 5.46. Hizo zilikuwa za nyumba na viwanja vichache vilivyochaguliwa kuwa mfano. Kama hukumu ingesimama, wengine wengi wangefuata.

Haikusimama. Tarehe 20 Aprili, 2018, majaji wa rufani waliitangua kwa sababu mbili, nazo zastahili kufahamika vema.

Sababu ya kwanza: kutotenda si kutwaa. Kule Arkansas Wahandisi walitenda; walifungulia maji kwa mikono yao. Kule St. Bernard kosa kubwa lililotajwa lilikuwa kuacha kingo zibomoke. Mtu akija kukuchukulia mbuzi wako amekutwaa mali. Akiacha kuziba pengo la ua, mbuzi akapotea, huenda ni mzembe, lakini hakumchukua mbuzi.

Sababu ya pili ni hesabu. Jirani yako akichimba mtaro unaoleta maji kiwanjani mwako, na papo hapo akakujengea ukuta unaozuia maji mengine, huwezi kuhesabu mtaro ukausahau ukuta. Serikali Kuu ilianza kujenga matuta katika sehemu zile kwa mpango wa mwaka 1965. Majaji walisema kwamba ilimpasa mdai kuonyesha hali ingekuwaje kama Serikali isingefanya lolote, mfereji wala matuta. Halmashauri ilikuwa imeleta ushahidi juu ya mfereji peke yake. Januari 2019 Mahakama ya Juu kabisa ilikataa kuisikiliza rufani yao, na kesi ikaisha.

Tazama, basi, msomaji. Katika mlango wa kwanza Jaji alikubali kwamba palikuwa na uzembe, lakini wadai walishindwa kwa kuwa uzembe wenyewe ulikuwa katika jambo la busara. Katika mlango wa pili waliambiwa kwamba uzembe si kutwaa. Mwenye nyumba iliyozama atauliza, "Mlango wangu ni upi?" Swali hilo si la mjinga, na sheria ya nchi ile haikumpa jibu la kumridhisha.

Hata hivyo yafaa tuusikie na upande wa pili. Serikali ikilazimishwa kulipa kila tuta linapovunjika, yawezekana isijenge tuta lolote, na wanaoishi nchi za chini watakuwa wa kwanza kuumia. Fedha za Serikali nazo ni kodi za watu, wakiwamo wale ambao hawajaona mafuriko maishani mwao.

Wala si kwamba taabu ya St. Bernard haikusikika popote. Bunge lilitaka mfereji ule uangaliwe upya, na mwaka 2008 ukafutwa katika njia za meli. Mwaka 2009 ukazibwa kwa boma la mawe. Baadaye ukuta mkubwa wa karibu kilomita tatu ulijengwa kuzuia maji ya bahari upande ule. Fidia haikulipwa, lakini njia ya maji imefungwa.

Kwa mwenzetu aliyeuliza, jibu ni hili: huko Marekani wilaya yaweza kuishtaki Serikali Kuu, na Serikali itakuja mahakamani kujibu kama mtu mwingine. Lakini kushtaki ni jambo moja na kushinda ni jingine. Yakupasa ujue sheria inauliza nini kabla hujaeleza machungu yako. Sisi tuliocheka siku ile twamwomba radhi. Nami naomba Chama cha Majadiliano kilipokee swali hili muhula ujao: Je, ni haki Serikali ilipe kwa lile iliyolitenda tu, au hata kwa lile iliyoacha kulitenda?